Ndai Ndogo, Kazi Kubwa: Vile Wasee Hujenga Land Cruiser ya Rimoti Hadi Unadhani ni ya Ukweli

Ukipitia TikTok usiku hukosi kukutana nayo. Land Cruiser pickup imejaa vumbi, inapanda mawe pole pole, tairi moja iko hewani, bodi imelala upande kama matatu iliyobeba kupita kiasi. Unangoja dere atoe kichwa kwa dirisha acheki amekwama wapi. Halafu mkono wa mtu unaingia kwa picha, na huo mkono ni mkubwa kuliko boneti. Manze, kumbe ni gari ya rimoti!

Watu wakishaona hivyo husema vitu viwili. Wa kwanza atasema hiyo ni ya watoi. Wa pili atauliza ni pesa ngapi. Jibu la kwanza ni zii, si ya watoi. Jibu la pili tutafika huko, lakini kabla utoe chapaa kuna kitu lazima uelewe. Kinachofanya ndai hizi zikae za ukweli si rangi, na si bei. Ni uzito, mwendo, na uchafu uliowekwa mahali pake. Ukikosa hayo matatu, hata ununue ya bei ghali namna gani, itabaki kuwa toy.

Hizi si zile za supamaketi

Gari ya rimoti ya supamaketi imeundwa ikimbie kwa sakafu. Ikiharibika, unatupa. Hizi tunazobonga hapa ni za kutambaa juu ya mawe. Ziko na chasisi ya reli mbili kama lori, ekseli mbele na nyuma, gia boksi, propela shafti, shoku za mafuta, na magurudumu yote manne yanavuta. Kila kipande kinauzwa peke yake. Gia ikikatika unabadilisha gia, hubadilishi gari.

Hobi yenyewe si ya jana. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa Toyota Hilux 4x4 ya rimoti mwaka wa 1981, saizi ya moja kwa kumi, ikiwa na gia tatu. Mwaka wa 1985 wakaleta Bruiser, ambayo wazee wa hobi hii bado huitaja kwa heshima. Baadaye Axial ya Marekani wakatoa SCX10, na watu wengi wakaingia kupitia hiyo. Mwaka wa 2017 Traxxas wakaja na TRX-4. Hii iko na gia mbili, difu unazofunga na kufungua ukiwa umeshika rimoti, na ekseli zilizoinuliwa ili tumbo la difu lisigonge mawe.

Nyingi za hizi ndai difu zake hufungwa kabisa, tairi la kushoto na la kulia zinazunguka pamoja. Ndio maana tairi moja ikining'inia hewani, ile ingine bado inasukuma. Ubaya wake ni kwamba gari inakata kona kama trela. Huwezi pata kila kitu.

Hesabu ya kumi: hapa ndipo wengi huanguka

Tuchukue gari moja ambayo kila Mkenya anaijua: Land Cruiser ya pickup, ile 79. Familia ya 70 ilianza kuuzwa mwaka wa 1984, na hadi leo ndiyo utaiona ikibeba karao, watalii, wagonjwa na magunia. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, pickup hiyo ni milimita 3,180. Kwa saizi ya moja kwa kumi hiyo ni milimita 318.

Sasa cheki chasisi zilizo sokoni. Kuna za milimita 313, na kuna za 324. Zote mbili ziko karibu sana, jicho haliwezi jua. Lakini ukichukua bodi ya Land Cruiser uiweke kwa chasisi fupi ya gari nyingine, gurudumu halitakaa katikati ya uwazi wake. Hapo hata mtoi wa darasa la pili ataona kitu si sawa. Pima kabla ununue. Tepu ya fundi cherehani inatosha.

Kosa la pili ni tairi. Tairi ya Land Cruiser ya kazi ina kimo cha karibu sentimita 80. Kwa hivyo yako inafaa iwe karibu sentimita 8 au 9. Lakini duka nyingi zinauza tairi za sentimita 12, kwa sababu zinapanda mawe fiti. Ukizidisha kwa kumi, umeweka Land Cruiser tairi ya mita moja na sentimita 20. Hiyo ni trekta, buda. Kama unataka gari inayokaa ya ukweli, tafuta rimu ndogo za inchi 1.55 badala ya zile za kawaida za 1.9. Utapoteza nguvu kidogo kwa mawe, lakini picha itakuwa safi.

Ya tatu ni uzito. Urefu ukigawanywa kwa 10, upana kwa 10 na kimo kwa 10, uzito unagawanywa kwa 1,000. Gari ya tani mbili na kitu inakuwa kilo mbili na kitu, na magari mengi ya saizi hii hucheza kati ya kilo mbili na nusu na tatu na nusu. Kwa hivyo shida si kilo ngapi. Shida ni kilo hizo zimekaa wapi.

Mwendo ndio hudanganya jicho

Gari ya ukweli ina injini, gia boksi na ekseli nzito chini. Juu ni mabati na hewa. Ya kwako pia inafaa iwe hivyo. Wajuzi huweka vyuma vya shaba nyeupe kwa ekseli na ndani ya rimu, hasa mbele, halafu wanaacha bodi iwe nyepesi. Ukiweka rafu ya chuma kwa paa, jeriketi na tairi la akiba huko juu, gari itapinduka kwa kila jiwe. Mzigo wa paa uwe wa plastiki, foumu au karatasi ngumu. Ionekane nzito tu, isiwe nzito.

Kwa mota, usikimbilie ile ya kasi. Mota za brashi za saizi ya 540 huhesabiwa kwa mizunguko ya waya: 35, 45, 55. Namba ikipanda, mwendo unashuka na utulivu unaongezeka. Kwa gari ya kutambaa, 45 au 55 iko sawa. Ukitembea kando ya ndai yako mwendo wa kawaida wa mguu, kama kilomita 5 kwa saa, kwa saizi yake ni kama inapiga 50 kwa saa. Hakuna Land Cruiser inapanda mawe na 50. Punguza.

Kuna kitu kinaitwa breki ya kujivuta. Ukiachilia kidole kwa rimoti, kidhibiti mwendo kinashika mota ili gari isirudi nyuma kwa mlima. Hakikisha kidhibiti chako kiko nayo na uipandishe hadi gari isimame wima kwa mteremko kama imevutwa handbreki.

Shoku nazo ziwe laini. Ukiweka gari chini, ishuke kidogo kwa uzito wake, ndio gurudumu likifika kwa shimo lipate nafasi ya kuteremka. Springi ngumu hufanya gari iruke-ruke kama kopo. Na sevo ya usukani iwe na nguvu, karibu kilo 20 kwa sentimita, la sivyo tairi likibanwa kati ya mawe mawili usukani hautageuka.

Halafu kuna siri ya watu wa filamu. Kitu kidogo huanguka na kuyumba haraka kuliko kikubwa, kwa sababu umbali ni mfupi lakini mvuto wa dunia ni ule ule. Kwa saizi ya moja kwa kumi, kila kitu kinatokea haraka mara tatu hivi. Kwa hivyo watengenezaji filamu hurekodi vifani kwa kasi kubwa, kisha wanacheza pole pole ili vionekane vizito. Simu yako inaweza fanya hivyo. Ukirekodi picha 120 kwa sekunde na kuzicheza 30, mwendo unapungua mara 4. Ukirekodi 60 na kucheza 24, unapungua mara 2.5. Utamu uko hapo katikati. Na kamera iwe chini: jicho la mtu aliyesimama liko mita moja na nusu, kwa hivyo simu yako ikae sentimita 15 kutoka kwa mchanga.

Bodi na rangi

Bodi ziko aina mbili. Kuna ya plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, ambayo unapaka rangi kutoka ndani. Hiyo ni nyepesi na hata ikipinduka mara mia haisemi kitu. Kuna ya plastiki ngumu, ambayo unapaka kutoka nje. Milango iko na mistari ya kina, vishikio vimebandikwa kando, vioo vya dirisha ni vipande vyake. Kwa ukweli, ngumu inashinda. Kwa kupanda mawe, nyembamba inashinda. Chagua unataka nini, usilie baadaye.

Kwa bodi ngumu, hatua ni hizi. Osha na sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mafuta. Piga msasa laini wa namba 600 au 800 ukitumia maji. Paka praima. Halafu rangi, mara tatu au nne, kila mara nyembamba, ukingoja ikauke. Mtu akipuliza rangi yote kwa mkupuo mmoja, inatiririka kama machozi. Na chunga thina kali za karakana ya magari. Zingine huyeyusha plastiki na unabaki na bodi imekunjamana kama nguo ya mitumba.

Malizia na vanishi isiyong'aa. Gari ya kazi haing'ai, na kwa saizi ndogo mng'ao ndio husaliti toy kwanza.

Uchafu uwe na akili

Hapa sasa ndipo utajua fundi na mtu wa kubahatisha. Mtu wa kubahatisha hupaka kutu kila mahali. Gari yake inakaa kama imetolewa kwa mto. Fundi huanza na swali moja: hii gari inaishi wapi na inafanya kazi gani?

Kama ni ya Murang'a, vumbi ni jekundu na matope hushika nyuma ya magurudumu. Kama ni ya njia ya Magadi, vumbi ni jeupe na limepanda hadi kwa vioo. Hauwezi changanya zote mbili. Kama ni pickup ya mzigo, rangi imeisha kwa sakafu ya nyuma, kwa ukingo wa lile lango la kufungua, na pale watu hukanyaga wakipanda. Kama ni ya dere mmoja miaka kumi, kishikio cha mlango wa dere kimechakaa na cha abiria bado kipya. Nenda stage, nenda karakana, simama mbele ya Land Cruiser mzee na uitazame dakika kumi. Hiyo ni shule ya bure.

Kuna njia tatu ambazo hazina gharama. Ya kwanza ni sponji: chovya kipande kidogo kwa rangi ya kahawia, futa karibu yote kwa gazeti, halafu gusa-gusa kwa kona na kingo. Inatoa vidonda vidogo vya rangi iliyobanduka. Ya pili ni spreya ya nywele. Paka rangi ya kutu kwanza, puliza spreya ya nywele juu yake, acha ikauke, kisha paka rangi ya gari. Ikikauka, lowesha na maji na usugue na mswaki. Rangi ya juu inabanduka yenyewe na kutu inatokea chini, vile hutokea kwa mabati.

Ya tatu ni udongo wenyewe. Chukua mchanga wa pale unataka gari yako itoke, anika kwa jua hadi ukauke kabisa, chekecha na kichungi cha chai ambacho mathe hatakitafuta tena, kisha changanya na vanishi isiyong'aa au gundi nyeupe iliyopunguzwa na maji. Hakuna rangi ya duka inakaribia udongo wa kwenu. Weka kidogo, angalia, ongeza. Kuongeza ni rahisi, kutoa ni vita.

Vitu vidogo vya jua kali

Wakenya wamejenga magari ya waya tangu zamani, na tairi za ndala zilizokatwa, usukani mrefu wa fito. Akili ni ile ile. Rafu ya paa unaweza kunja kwa waya na kulehemu. Koleo unakata kwa kopo la soda na mpini wa kijiti cha mshikaki. Turubai ni kipande cha mwavuli uliokufa. Gunia ni kona ya gunia. Kamba ni uzi wa katani. Kila kitu gawanya kwa kumi: jeki ndefu ya mita moja na sentimita 20 inakuwa sentimita 12, na kibao cha namba cha milimita 520 kinakuwa 52.

Kwa taa, gari mzee haina mwanga wa buluu. Tumia LED za rangi ya joto, kama njano hafifu. Na usisahau rizista. Betri ya seli mbili ikijaa ni volti 8.4. LED nyeupe inataka karibu 3. Zile 5.4 zinazobaki ukigawanya kwa ampea 0.02 unapata ohm 270. Ukiiunga bila rizista, itawaka sekunde moja kama nyota na kuzima milele. Rizista yenyewe ni shilingi chache tu pale Luthuli.

Betri: hapa hakuna mchezo

Sasa tuongee kama watu wazima. Ndai nyingi za aina hii hutumia betri za lipo. Ziko na nguvu, ni nyepesi, na zikikosewa zinawaka moto. Si moto wa kupuliza. Ni moto unaotoa moshi wa sumu na haukubali kuzimwa haraka. Na wengi wetu tunaishi keja ya chumba kimoja, godoro iko mita moja kutoka kwa soketi.

Kwa hivyo shika hizi. Tumia chaja ya lipo inayosawazisha seli, si ya simu na si ya kubahatisha. Chaji kwa ampea sawa na ukubwa wa betri: ya mAh 5000, ampea 5 na si zaidi. Chaji kwa sakafu ya simiti, mbali na pazia na kitanda, na usilale ama kutoka ikiwa kwa chaja. Kila seli isishuke chini ya volti 3. Cheki kama kidhibiti mwendo chako kimewekwa kwa lipo, kwa sababu kikiwa kimewekwa kwa betri za aina nyingine hakitazima gari kwa wakati. Ukimaliza kucheza, weka seli kwa volti 3.8 hivi, usiiache imejaa wiki nzima. Na betri ikifura kama mandazi, hiyo imekufa. Usiitoboe, usiichaji, itoe nje ya nyumba.

Kama hayo yote yanakupa joto, chagua gari inayokubali betri za NiMH. Itakuwa pole kidogo, na hiyo kwa gari ya kutambaa si hasara.

Doh: anza wapi?

Tukifika kwa bei, ukweli ni kwamba TRX-4 na wenzake ni dola mia kadhaa kabla ya usafiri na ushuru. Lakini kuna mlango wa chini. Kampuni ya WPL ya Uchina hutengeneza pickup ndogo za saizi ya moja kwa kumi na sita, zikiwemo za sura ya Hilux na Land Cruiser ya zamani, chini ya dola 100. Gia zake ni za plastiki na mota ni dhaifu, lakini kwa kujifunza rangi, uchafu na mizigo, inatosha kabisa. Ukiiharibu, umelipa ada ya shule.

Ukipanda ngazi, tumia pesa kwa mpangilio huu: kwanza chaja nzuri, pili sevo, tatu tairi, nne uzito wa chini, halafu bodi. Wengi huanza na bodi kwa sababu ndiyo inapigwa picha. Wanabaki na gari mrembo ambayo haipandi hata kizingiti cha mlango.

Mahali pa kuchezea pako kila kona. Rundo la ballast mbele ya ploti inayojengwa ni mlima mzima. Jiwe la sentimita 15 kwa gari yako ni mwamba wa mita moja na nusu. Omba mwenye ploti kwanza. Mkiwa mbogi, wekeni vijiti viwili viwili kama malango, na anayegusa kijiti anaongezewa pointi. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mwendo haulipi kitu. Ukicheki, hiyo si mbali na Rhino Charge yetu, ambayo tangu 1989 haijawahi kuwa ya nani ana kasi. Gari hutafuta vituo 13 ndani ya saa 10, na anayevifikia vyote kwa kilomita chache zaidi ndiye anabeba.

Na yule anayesema ni mchezo wa watoi, mwachie rimoti dakika tano mbele ya mawe matatu. Mtu ambaye amejua kupima, kulehemu, kupaka rangi, kuhesabu rizista na kutunza betri ameshika kazi tano kwa mkono mmoja, na karakana za mtaa zinalipa kwa kila moja yazo. Sasa chukua tepu, toka nje, utafute Land Cruiser mzee uanze kupima. Mwenye gari akiuliza unafanya nini, mwambie unajenga ingine.